Ukurasa wa Shukrani

Kibanda changu cha kuchaji simu kimegusana ubavu na sekretaria ya Papa Norbert, karibu na geti la instituti, na jenereta tunachangia. Kwa hiyo mambo ya Adija siyasimulii kwa kusikia tu. Mengine niliyaona kwa macho, mengine alinieleza mwenyewe wakati anasubiri mashine ipoe, na machache yalinifikia kupitia ukuta wa mbao, ambao haujawahi kumtunzia mtu siri.

Sekretaria, kwa asiyejua, ni chumba chenye kompyuta mbili, mashine ya kuchapa na mashine ya fotokopi, na barua zote za mtaa huu huzaliwa humo. Anayeomba kazi anakuja pale, aliyefukuzwa kazi anakuja pale kuandikiwa malalamiko, na wanafunzi wanakuja kuchapisha TFC, yaani ile kazi ya kumaliza masomo ambayo bila hiyo hupati diplomu hata kama unajua kila kitu. Adija alikuwa mwandishi wa Papa Norbert. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, amemaliza mwaka wa pili pale instituti na amebakiza wa tatu.

Alibakiza mwaka mmoja, lakini njia ya kuufikia hakuwa nayo. Baba yake, Papa Idi, ni wa familia zile za Waislamu zilizofanya biashara ya ziwa tangu babu wa babu yake: sabuni, ndoo na vitenge kutoka Kigoma, mawese kwenda Kigoma. Ziwa lilipopanda lilichukua duka kwanza, halafu likaja kuchukua nyumba, bila haraka, likijua hakuna wa kulizuia. Familia ikahamia mbali na maji, kwenye vyumba viwili vya kupanga. Papa Idi alimwambia binti yake bila kuzunguka kwamba minerval, yaani ada ya mwaka wa tatu, hataiweza, kwamba wadogo zake nao wanataka kusoma, na kwamba mtu anaweza kuwa na akili hata bila diplomu. Adija aliniambia baadaye kwamba hilo la akili ndilo lililomuuma kuliko yote.

Sasa, mwezi wa sita, likabandikwa tangazo kwenye mlango wa instituti. Maktaba ilitafuta mwanafunzi mmoja wa kusaidia kila siku mchana kwa mwaka mzima wa masomo, na atakayepatikana angesamehewa minerval yote. Kilichotakiwa ni barua ya maombi, picha moja na matokeo ya mwaka uliopita. Kuwa na mtu wa kukushika mkono hakukutajwa kabisa, na hapo ndipo kila aliyesoma lile tangazo alipocheka kidogo.

Kwa maana hapa kwetu ukisema unaomba kazi, hakuna anayekuuliza unajua kufanya nini. Unaulizwa una nani. Kila mteja aliyeingia sekretaria wiki ile alimuuliza Adija swali hilo hilo, kwa huruma, jinsi mgonjwa anavyoulizwa kama amekunywa dawa. Alipojibu kwamba hana mtu walimshauri amtafute, bila kumwonyesha anapatikana wapi.

Barua zilizopelekwa zilikuwa ishirini na saba. Kumi na tisa ziliandikwa kwa Papa Norbert, maana yake ziliandikwa na Adija. Aliketi pale akawachapia washindani wake mmoja baada ya mwingine: mpwa wa mhasibu wa instituti, mtoto wa shemasi anayesali na mkurugenzi, binti mmoja ambaye mjomba wake aliwahi kukaa chumba kimoja na mkurugenzi wakisoma Lubumbashi. Wengi Kifaransa chao kilichechemea. Adija akawasahihishia. Nilimuuliza kama ana wazimu. Akaniambia hawezi kuona kosa akalipita, mkono wenyewe unalifuta. Ya ishirini ikawa ya kwake, akaibeba mwenyewe.

Kabla ya kuipeleka alipita maktaba aone hiyo kazi yenyewe ikoje. Ni chumba kimoja chenye makabati matatu na bati linalolia jua likiwaka. Mtunza vitabu ni Papa Germain, mtu wa Kongolo, amevuka miaka sitini na tano na anangoja kustaafu ambako barua yake haifiki. Alikuwa ameshika kitabu karibu na pua. Alimwomba Adija amsomee namba iliyoko mgongoni mwa kitabu, Adija akaisoma, akakirudisha mahali pake, na kwa kuwa palikuwa na vingine kama thelathini mezani akavirudisha navyo. Kisha akaaga. Hakuna lililosemwa kuhusu kazi, na yeye hakutaja jina la mtu, kwa sababu hakuwa nalo.

Basi ikabaki kungoja mwezi wa kumi, ambapo uongozi ungetangaza. Katikati pana miezi miwili ya TFC.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mgeni hawezi kulijua. Katika TFC kuna utangulizi, kuna sura tatu, kuna hitimisho, na hakuna mtu anayevisoma. Kinachosomwa ni ukurasa wa shukrani, ule wa mwanzo kabisa. Anashukuriwa Mungu, halafu uongozi wa instituti kwa ngazi zao, halafu mwalimu aliyesimamia kazi, halafu baba na mama, baba wadogo, wajomba, shangazi, mashemeji, wenzetu wa mapambano, na mwishoni sentensi ya kujikinga inayosema wote ambao majina yao hayakutajwa wasijione wamesahauliwa. Sentensi hiyo haijawahi kumkinga mtu yeyote. Yote yako kwa Kifaransa, na nusu ya wanaoshukuriwa hawakisomi, lakini jina lake kila mtu analitambua, na zaidi ya jina anatambua jina la nani liko juu yake.

Kijana mmoja wa mwaka uliotangulia, Ruphin, alisomeshwa na baba yake mdogo wa kule Pepa, ambaye aliuza ng'ombe wawili. Siku ya kutetea kazi mzee akashuka na gari la mizigo, na gunia la viazi la kuwapikia wageni. Akapewa nakala, akamwomba jirani amsomee ukurasa ule, akakuta amewekwa chini ya shemeji aliyewahi kutoa simu iliyotumika. Ruphin alikuwa mbele anaeleza mbinu za utafiti wake. Mzee akainuka, akabeba viazi vyake, akaondoka. Ruphin alipata alama nzuri na akalia siku tatu.

Adija ndiye aliyeponya jambo lile. Alichapa nakala ya pili, ambayo baba mdogo anakuja baada tu ya Mungu, mbele hata ya mkurugenzi wa instituti, akaipeleka Pepa na gari lile lile. Viazi vilirudi. Tangu hapo wanafunzi hawakumletea Adija TFC zao tu, walimletea na matatizo ya ukoo. Alijua kuweka wajomba wawili waliogombana kwenye mstari mmoja bila mmoja kumtangulia mwenzake. Kuna familia zilizokuwa na nakala tatu za TFC moja, kila nakala na mkubwa wake. Papa Norbert, anayelipwa kwa ukurasa, alimpenda binti yule kama mwanawe.

Mwanzoni mwa mwezi wa saba mteja mmoja aliugua malaria, akamwomba Adija amwekee kazi yake maktaba, kwa sababu kila TFC huachwa huko nakala moja na Papa Germain huiandika daftarini. Adija akasimama mbele ya meza akimtazama. Papa Germain hakuangalia jalada, hakuangalia sura. Alifungua ukurasa wa shukrani, akaweka kidole juu, akakishusha polepole jina kwa jina mpaka chini, akangoja kidogo pale chini, kisha akafunga na kuandika namba.

Adija alirudi kibandani akanieleza hilo kama mtu aliyeokota kitu njiani. Alisema mzee yule anatafuta jina lake. Miaka ishirini anapokea shukrani za watu wengine, wanashukuriwa mpaka mashemeji, na yeye aliyewatunzia vitabu hayumo. Na ni yeye atakayeulizwa anamtaka nani kati ya wale ishirini na saba. Mimi nilisema huenda. Nakiri kwamba nilisema hivyo. Jambo lilionekana wazi kabisa, na sisi sote hapa tumezoea kwamba mtu akisoma ukurasa ule anajitafuta mwenyewe.

Akaanza kwa uoga, mstari mmoja. Mwanafunzi akimaliza kutaja wajomba wake, Adija anamuuliza kwa upole kama hataki kuongeza mtunza vitabu, wengi wanaongeza. Wakati anasema hivyo hakuna hata mmoja aliyekuwa ameongeza. Wanafunzi walikubali mara moja, kushukuru hakupunguzi kitu, na wengi wao waliuliza anaitwa nani. Hawakuwahi kuingia mle.

Siku kazi ya kwanza ilipopelekwa, mwenye nayo alirudi akasimulia. Kidole cha Papa Germain kilishuka, kikasimama. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akasoma tena. Akamuuliza kijana kama kweli alimpokea vizuri, na kijana, ambaye alikuwa anakanyaga maktaba kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, akajibu kwamba hatasahau.

Baada ya hapo Adija hakujizuia. Mwandishi mzuri hapendi kurudia sentensi, kwa hiyo kila TFC ilipata shukrani yake. Katika moja Papa Germain alikuwa na subira ya mzazi. Katika nyingine mlango wake haukufungwa kamwe, na maktaba ile inafungwa saa saba mchana. Katika kazi moja kuhusu ufugaji wa samaki aliitwa taa. Maneno yalirefuka mpaka ukurasa wa shukrani ukawa mbili, na Papa Norbert, kila alipoona ukurasa wa pili unatoka, alikohoa kwa furaha.

Kilichonishangaza ni mzee mwenyewe. Alianza kuvaa tai. Alianza kufungua saa moja na nusu. Mwezi wa nane nilimwona kwa macho yangu anamfuata mwanafunzi hadi getini na kitabu mkononi, akimwambia kwamba hiki pia kingemfaa. Nafikiri aliona haya kushukuriwa kwa mambo ambayo hakuyafanya, akaamua kuyafanya. Mimi simjui mtu mwingine aliyefanywa mwema kwa njia hiyo.

Kufikia mwisho wa mwezi wa nane, kazi zilizowekwa maktaba zilikuwa sitini na moja, na hamsini na nne zilimshukuru Papa Germain kwa jina. Kati ya saba zilizobaki, moja ni ile ya mgonjwa wa malaria, na sita zilichapwa ng'ambo ya daraja, kwa watu wasiojua kuandika. Adija alijua hesabu hiyo kwa moyo. Alianza kuzungumza kuhusu mwaka wa tatu kama jambo lililokwisha pangwa, akachagua hata kichwa cha kazi yake mwenyewe. Nyumbani, Papa Idi alikaza uso kwa muda, halafu nami nikamsikia kwa fundi wa viatu anaeleza kwamba binti yake anaingia biro, yaani kazi ya ofisini. Alisema hivyo polepole ili fundi asikose neno. Mke wake, Mama Mouna, alikuwa ameshamchagulia Adija kitenge cha kuvaa siku ya kwanza.

Mwezi wa tisa ikaja tume kutoka Kinshasa kupima ubora wa elimu. Walikuwa watu watatu, wakakaa siku mbili. Waliangalia vyoo, wakaandika. Waliangalia maabara, ambayo ni meza, wakaandika. Kisha wakaomba kuona kazi za wanafunzi, wakaletewa TFC zote sitini na moja, na hao nao, wasomi wa Kinshasa na madokta, wakafungua pale pale ambapo kila binadamu anafungua.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi wanafunzi waliitwa uwanjani kusikia mwaka mpya utakavyokuwa. Mimi nilifunga kibanda nikaenda. Adija alisimama mbele, amevaa kitenge kile. Mkurugenzi akasoma ripoti ya tume. Vyoo, aibu. Maabara, aibu. Halafu akainua sauti akasoma kwamba tume imeona katika instituti hii jambo ambalo haijaliona popote: maktaba inayoshukuriwa na wanafunzi tisa katika kila kumi, inayoongozwa na mtu mmoja tu, asiyechoka, mwenye subira ya mzazi na mlango usiofungwa. Papa Germain akaitwa mbele akapewa cheti cha heshima katika fremu ya kioo. Watu wakapiga makofi. Adija alipiga makofi kuliko wote.

Mkurugenzi akangoja makofi yaishe, akaendelea. Kwa kuwa maktaba imeonyesha inaweza kazi yake vizuri hivyo na mtu mmoja, uongozi umeona kumwongezea mtu wa pili ni kuharibu. Nafasi ya mwanafunzi msaidizi imehamishiwa ofisi ya uandikishaji, ambayo katika TFC sitini na moja haikushukuriwa hata mara moja. Ukimya huo tume imeuelewa kwamba ofisi ile ina upungufu wa watu. Jina la mwanafunzi aliyechaguliwa kwenda huko lilikuwa tayari kwenye karatasi. Alikuwa mpwa wa mhasibu, yule ambaye barua yake ilikuwa na makosa kumi na manne kabla haijafika mikononi mwa Adija.

Adija hakulia pale uwanjani. Alirudi sekretaria, akaketi, akawasha kompyuta, akamaliza barua ya mtu ya kuomba likizo. Kupitia ukuta nilisikia vidole vyake vinagonga kwa nguvu kuliko kawaida.

Siku ya tatu Papa Germain mwenyewe akaja na fremu yake chini ya kwapa. Alitaka fotokopi tano za kile cheti, moja ya kupeleka Kongolo kwa dada yake. Papa Norbert alikuwa ametoka. Adija akakitoa cheti kwenye fremu kwa uangalifu, akakilaza kwenye mashine. Mzee akaketi kwenye benchi la wateja. Wakati karatasi zinatoka akaanza kusema, bila kumwangalia, na hapo niliacha nilichokuwa nakifanya, nikachungulia penye ufa wa mbao.

"Mama, miye njo nataka kukuomba pole," akasema. "Nilipelekaka jina lako tangu mwezi wa sita. Siku ile ulirudishaka vitabu, mimi niliandika barua ile ile magharibi. Miaka tisa naomba mutu wa kunisaidia, macho yangu hayaone tena namba. Mukurugenzi alikuwa amesaini mu mwezi wa saba. Ilibakia kutangaza tu."

Mashine ilisimama. Karatasi ya tano ilikuwa imetoka, na Adija hakuichukua.

Alimuuliza kwa sauti ndogo kuhusu kidole. Kwa nini basi alikuwa anasoma shukrani zote, jina kwa jina, mpaka chini. Papa Germain alishangaa kidogo kuulizwa hilo. Akaeleza kwamba anatafuta watu wa Kongolo. Aliondoka kwao kijana, wengi wamepotezana, na kila mwaka katika majina yale hupata mmoja au wawili anaowajua, akafurahi kwamba fulani yuko hai na amesomesha mtoto. Herufi za ukurasa ule Adija mwenyewe alikuwa anazikuza, ndiyo maana mzee aliweza kuzisoma.

Wakati huo Adija akalia. Kupitia ukuta kilio kile kilikuwa cha hasira zaidi ya huzuni, na hasira yote ilikuwa ya kwake mwenyewe. Akasema mara mbili kwamba yeye ni mjinga. Kisha akasema lililobaki.

"Papa, ile shukrani yote ni mimi njo niliandika. Wanafunzi hawakuisema. Niliitia mimi, nilifikiri unalitafuta jina lako, nilitaka unichague."

Nilidhani atainuka aondoke kama yule wa Pepa, na sijui kama ningemlaumu. Ameketi pale na cheti cha heshima, tai shingoni, na yule aliyemkosesha msaidizi ndiye aliyemwandikia heshima yenyewe.

"Yote?" akauliza mwishoni. "Hata mumoja hakusema kwa kinywa chake?"

Hapo ndipo nilipomjua Adija ni mtu wa namna gani. Alifuta uso, akachukua zile karatasi tano, akazinyoosha pembe.

"Yule wa samaki alisema," akamjibu. "Ile ya taa ni maneno yake. Mimi nilichapa tu."

Yule wa samaki hakusema neno. Nilikuwepo. Aliuliza tu ukurasa umefika bei gani. Lakini Papa Germain akatikisa kichwa mara kadhaa, akasema kwamba ndiyo, yule kijana alionekana ana adabu, akalipa fotokopi zake, akaenda.

Mwaka wa tatu Adija hakuusoma. Papa Idi aliwaeleza majirani kwamba biro imebadilishwa, jambo ambalo ni kweli tupu. Kitenge Mama Mouna alikifua akakiweka. Adija anaendelea na kazi kwa Papa Norbert, na kila siku saa sita, anapopewa nusu saa ya kula, anakwenda maktaba kumsomea Papa Germain namba za vitabu na kuvirudisha kabatini. Hana barua wala msamaha wa minerval. Kwa hiyo maktaba ina msaidizi, na uongozi uliposema nafasi ile haihitajiki haukukosea. Mimi jambo hilo linaniudhi mpaka leo, nalisema kila nikipata wa kunisikiliza.

Mwezi wa saba umerudi, na TFC zimerudi. Adija aliapa kwamba jina la Papa Germain hatalipendekeza tena kwa mtu. Amekitunza kiapo chake. Jana ameingia binti mmoja, Gracia, wa masomo ya kilimo, na karatasi aliyoiandika kwa mkono, majina yote yamepangwa sawa kutoka Mungu hadi mashemeji. Adija akachapa akifuata mstari kwa mstari. Alipofika chini nikasikia vidole vimesimama.

Akamuuliza Gracia kama anamjua huyu Papa Germain. Gracia akajibu kwamba hapana, hajawahi kumwona, lakini wote wa mwaka jana wanamtaja, na inasemekana asiyemtaja kazi yake haipokelewi.

"Lakini alikusaidia nini?" Adija akamuuliza.

"Sijui, Mama. Njo inaandikwaka hivyo."

Vidole vikaanza tena, na Adija akamwandikia: mwenye subira ya mzazi, mlango usiofungwa.